Unalipia tangazo la nguo, mteja anabonyeza, tovuti haifunguki. Hela imeenda wapi?

Kanzu_Nyeupe (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wenye lebo zao za nguo, na wale wa mzigo wa China, Uturuki na Dubai, wanaolipia matangazo Instagram, Facebook, TikTok na Google. Kazi yangu ni kuwasimamia watu matangazo, zaidi Dar, kidogo Arusha na Mwanza. Kuna jambo nimechoka kulieleza kwa mtu mmoja mmoja WhatsApp, bora niliandike hapa mara moja.

Mtu anakodi mpiga picha, anatafuta mwanamitindo, anabusti posti wiki nzima. Kwenye tangazo kaweka anwani ya tovuti. Ukibonyeza, haifunguki. Au inafunguka na neno "tunakuja hivi karibuni" ambalo limekaa hapo tangu enzi za korona. Au inaleta nguo za Idi ya mwaka juzi, hazina bei, na namba ya simu ya binti aliyekwishaacha kazi. Ukimwambia mwenyewe anajibu, "Achana na tovuti, wateja wangu wote wako DM." Haya, basi itoe kwenye tangazo! Mimi si muuza tovuti, na sisemi kila mwenye cherehani moja lazima awe nayo. Ninachosema ni kwamba ukilipa hela kuwaita watu mahali, pahali hapo pawe pamefunguliwa. Wewe umekodi gari la spika limezunguka Mbagala nzima likiita watu, nao wamefika wamekuta kufuli.

Tuanze na hela yenyewe. Facebook na Instagram kwa kawaida wanakukata kwa tangazo kuonekana. Kwenye matangazo ya utafutaji ya Google unakatwa mtu akibonyeza. Kote kuwili hakuna anayekuuliza kama nguo imeuzwa, na ukurasa wako ukiwa umelala, hakuna wa kukurudishia. Google angalau wana kanuni: wakikuta linki inaelekea kwenye ukurasa usiofanya kazi, wanalikataa tangazo. Nimeona watu wakilalamika kuwa wamefungiwa kwa chuki wakati tatizo ni kwamba hosting, ile kodi ya mahali tovuti inapohifadhiwa, haijalipiwa.

Meta wao wana namba mbili kwenye ripoti ambazo wengi hawazitazami. Moja ni waliobonyeza linki. Nyingine ni wale ambao ukurasa uliwafungukia kweli. Hii ya pili huipati mpaka uwe umeweka pikseli, ule msimbo wa ufuatiliaji, kwenye tovuti yako. Ukiona namba hizo zimeachana sana, maana yake kuna watu walikutaka, wakasubiri, wakaondoka kabla hawajaona hata gauni moja. Google walitoa takwimu 2016 kwamba asilimia 53 ya wanaoingia kwa simu huondoka ukurasa ukizidi sekunde tatu. Hiyo ilikuwa 2016, na sidhani kama tumekuwa wavumilivu zaidi tangu hapo.

Sasa kwa nini nakazania nguo, si simu wala mchele? Simu ya aina fulani ni ileile kila duka. Nguo ina maswali: saizi gani, inavuta au haivuti, inapauka, rangi ya kwenye picha ndiyo yenyewe au ni taa, inaangaza ndani, urefu unafika wapi kwa mtu mrefu. Kila aliyefanya biashara hii anajua kwamba XL ya kutoka China inaweza kumbana mwenye M ya hapa. Posti ya Instagram haina pa kuyaweka yote hayo, na hata ukiyaweka, kesho imesukumwa chini na posti nyingine. Ndipo inaanza ile ngoma ya "bei?" "njoo DM", "saizi?" "zote zipo dada". Halafu nguo inafika, haimkai, na bodaboda wa kuirudisha analipwa na nani? Ukurasa mmoja wa nguo moja, wenye vipimo kwa sentimita, aina ya kitambaa na bei, unajibu hayo saa nane usiku wewe umelala. Na tangazo, usipoliwekea ratiba, hiyo saa nane linaendelea kula hela.

Wapo waliolipia somo hili kwa bei ya kutisha. Boo.com ya London, duka la mtandaoni la mitindo, ilipangwa kufunguliwa Mei 1999. Matangazo yakatangulia, magazeti yakaandika, watu wanakwenda kwenye anwani hakuna duka. Likafunguliwa Novemba, nchi 18 kwa mpigo, lugha mbalimbali, sarafu mbalimbali, nguo unaizungusha uione pande zote, na katuni ya msichana aitwaye Miss Boo wa kukuelekeza. Kwa macho, lilikuwa duka zuri kuliko mengi ya leo. Tatizo ni kwamba wateja wakati huo waliingia intaneti kwa modemu ya laini ya simu ya mezani, na kurasa zile zilikuwa nzito mno kwao. Wenye kompyuta za Mac mwanzoni hawakuweza hata kununua. Mei 2000 kampuni ikafilisiwa baada ya kutafuna takriban dola milioni 135. Nguo walizouza zilikuwa za majina yanayotafutwa, hazikuwa na kosa lolote. Watu walikwama mlangoni.

Na mlango unaweza kukwama hata siku ya neema. Mei 2011 Kate Middleton, muda mfupi baada ya harusi yake, alivaa gauni la Reiss, duka la nguo la Uingereza, alipokutana na akina Obama pale Buckingham. Gauni la dukani la pauni 175, si la kushonewa. Watu wakaikimbilia tovuti ya Reiss, ikazidiwa, ikaanguka. Septemba mwaka huohuo Target, maduka makubwa ya Marekani, ilitangaza kwa kishindo nguo za bei nafuu za Missoni, lebo ya kifahari ya Italia. Siku ya kuuza, tarehe 13, tovuti ikalala. Na ndio kwanza walikuwa wamehama kutoka kwenye mitambo ya Amazon mwezi uliotangulia. Hawa ni wakubwa wenye mafundi wa kila aina. Wewe wa hosting ya bei ya chini kabisa, ukimlipa msanii maarufu akuvalie fulana kwenye stori, hujajaribu kuona ukurasa wako unabeba watu wangapi kwa pamoja?

Naomba kuwasilisha. Wenye maduka karibuni, na wenye hasira pia karibuni.


Mzigo_Umeshuka

Mkuu umeandika vizuri ila uko mbali na mtaa. Wateja wangu wengi wanaishi kwa bando la mitandao ya kijamii. Instagram inafunguka, WhatsApp inafunguka, ukimpeleka nje ya hapo bando linamgomea. Hiyo tovuti ataionea wapi?

Pili, tangazo langu linampeleka mtu WhatsApp moja kwa moja. Nina katalogi, bei zipo, tunaelewana, analipa kwa lipa namba, boda anapeleka. Miaka yote nakula kwa njia hiyo. Sioni nilipopotea.


Kanzu_Nyeupe

Mkuu hujapotea, na hoja ya bando ni kweli tupu. Ndiyo maana nikasema si kila mtu. Kwa mteja wa namna hiyo weka bei na saizi kwenye picha yenyewe ya tangazo, mpeleke WhatsApp, umemaliza.

Nitakuongezea mawili tu. Katalogi ya WhatsApp Business mwisho ni bidhaa 500. Kwa mwenye madera na baibui inatosha. Kwa mwenye mashati ya rangi saba na saizi sita inaanza kubana mapema. La pili ni tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita, kisa mabadiliko ya mipangilio kwenye mitambo yao wenyewe. Huku kwetu ilikuwa Jumatatu jioni, saa ambayo watu wametoka kazini ndio wanaperuzi. Tangazo, katalogi, orodha ya wateja na mazungumzo ya oda, vyote vilikuwa nyumba moja. Aliyekuwa na tovuti na tangazo la Google jioni ile aliendelea kuuza.


Kitambaa_Kampala

Mimi niko Kampala, na huku tulijifunza kwa nguvu. Facebook ilifungwa Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na siku zikapita, miezi ikapita. Watu wakahamia VPN, programu inayoficha mtu yuko nchi gani. Sasa wewe unalipia tangazo la watu wa Kampala, na mteja wako VPN inamwonyesha yuko Uholanzi. Tangazo linaweza kumpita kabisa. Waliokuwa wamejenga duka zima ndani ya ukurasa wa Facebook walianza upya. Mwenye tovuti alibadilisha tu njia ya kuwaleta watu, duka likabaki lilelile.


Mzigo_Umeshuka

Intaneti yenyewe ikizimwa kama Oktoba 2025 hapa kwetu, tovuti itakusaidia nini?


Kitambaa_Kampala

Hapo hakuna cha kukusaidia. Unakaa dukani na redio.


Bi_Marashi

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Muscat, kwetu ni Unguja.

Mimi ni mnunuzi, si muuzaji, kwa hiyo sikilizeni na upande wetu. Huku tuko wengi tunaotaka madera, khanga na vitenge vya nyumbani, na fedha ya kununua tunayo. Naona tangazo zuri, mtu kanitumia. Naingia kwenye ukurasa, bei hamna. Naandika DM, sijibiwi mpaka kesho yake. Nikijibiwa naambiwa "tuma kwa M-Pesa". Wallahi M-Pesa ya Tanzania nitaitoa wapi mie? Namwomba mdogo wangu Mwanakwerekwe anilipie, na yeye ana shughuli zake, basi tena.

Wakati huohuo Shein, lile duka la nguo la mtandaoni, najua bei, najua kifua ni sentimita ngapi, nalipa kwa kadi. Nguo za nyumbani nazipenda zaidi, kaka zangu, lakini mnanichosha.


Kanzu_Nyeupe

Dada yangu, umesema kilichonishinda kusema kwa aya tatu. Wenye maduka, zipo kampuni zinazofanya kazi hapa zinazounganisha tovuti na kadi na pesa za simu pamoja, Selcom, Pesapal na wengine. Makato yapo, yaingizeni kwenye bei. Na gharama ya kutuma nje iandikeni wazi ukurasa uleule wa nguo, mteja asiikute mwishoni.


Mzee_wa_Risiti

Niseme la kinyume kidogo. Mnaizungumzia tovuti kama cheti cha uaminifu. Matapeli nao wanazo. Tena za kwao zinafunguka haraka kuliko za wenye duka la kweli Kariakoo. Wanachukua picha za wengine, wanaweka punguzo la nusu bei, unalipa, kimya.

Mimi huangalia vitu vingine: mahali pa kimwili, yaani mtaa, jina la jengo na ghorofa, namba inayopokelewa, maelezo ya kurudisha nguo yaliyoandikwa na mtu anayeijua biashara, si yaliyonakiliwa kutoka tovuti ya Marekani yakiwa bado yanamtaja mtu wa Texas. Hiyo nimeiona kwa macho yangu kwenye duka la hapahapa mjini.


Pindo_Pana

Mzee wa Risiti, hiyo ya Texas imenimaliza.

Ila geuza upande wa pili. Lebo yangu ilipoanza kujulikana, kurasa feki za Instagram zikaibuka na picha zangu, jina langu limeongezwa nukta au herufi moja. Wateja wakawa wanatapeliwa halafu wananitukana mimi. Kilichonisaidia ni kuwa na anwani moja tu, imeandikwa kwenye mfuko, kwenye risiti, na kwenye lebo inayoshonwa shingoni. Nikasema popote: ukurasa usiotajwa kwenye tovuti yangu si wangu. Akaunti feki mtu anafungua kumi kwa siku. Anwani iliyoko kwenye shingo ya shati lako hawezi kuibadilisha.

Na hiyo lebo ni tangazo nililolilipia mara moja. Shati linavaliwa miaka, linafuliwa, linapewa mdogo wake mtu, linaingia hata mitumba. Mtu akiisoma anwani miaka minne baadaye, inabidi iwe hai.


Sindano_Kumi

Hapo kwenye "iwe hai" ndipo nilipoumia mimi. Aliyenitengenezea tovuti alisajili jina la .co.tz kwa barua pepe yake na jina lake. Tulipokosana kuhusu malipo, akakaa kimya. Muda wa jina ukaisha, sina uwezo wa kulilipia kwa sababu akaunti si yangu. Tangazo linakimbia, mifuko elfu imeshachapishwa na anwani ile. Wakati huo nilikuwa nimelipia kibanda cha maonyesho na mabango juu. Watu wanapiga picha bango, wanaandika anwani, wanakuta ukurasa mweupe.

Simtaji, tulishasuluhishwa na wazee. Lakini wadogo zangu, jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe yako, kumbusho la kulipia liingie kwenye simu yako, na nywila uwe nayo wewe. Fundi apewe nafasi ya kufanya kazi, umiliki ubaki kwako.


Kanzu_Nyeupe

Hili lingestahili uzi wake. Ongezeni na nywila ya akaunti ya matangazo, maana huko nako wapo wanaotumia akaunti ya "kijana wa kubusti", akiondoka anaondoka na historia yote.


Shati_la_Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Boss, umesahau mfano mmoja poa. Primark, wale wa nguo za bei ya chini Uingereza, miaka mingi walikataa kabisa kuuza mtandaoni. Hesabu yao ilikuwa kwamba fulana ya pauni chache haiwezi kubeba gharama ya kupelekwa nyumbani na kurudishwa. Lakini tovuti wakaitengeneza upya, mtu aangalie kama nguo iko kwenye duka la karibu naye kabla hajapanda basi. Baadaye, Novemba 2022, walipojaribu watu waagize mtandaoni wachukue dukani, kwa maduka 25 tu, tovuti ikazidiwa siku ya kwanza.

Kwa hivyo tovuti si lazima iwe na kapu la kununulia. Kwa mtu wa duka la Gikomba ama Kariakoo, kumwambia mteja "hii ipo, saizi hizi zimebaki, duka liko hapa, tunafunga saa mbili usiku" ni kazi tosha. Huku kwetu lebo ya nguo ya Vivo, iliyoanza 2011, ina maduka mengi ya kuingia kwa miguu na bado inauza kwa tovuti yake.


Mzigo_Umeshuka

Hapo sasa mnanigusa. Lakini hebu niambieni, hao wakubwa kweli wanategemea tovuti kiasi hicho, au ni mapambo?


Kanzu_Nyeupe

Waulize Marks & Spencer, wenye maduka makubwa ya nguo na vyakula Uingereza. Aprili 2025 walivamiwa na wadukuzi, na tarehe 25 wakasimamisha oda zote za mtandaoni. Nguo mtandaoni hazikuuzwa mpaka tarehe 10 Juni, na hata hapo walirudi na baadhi tu. Maduka yalikuwa wazi muda wote huo, watu wanaingia wanatoka. Bado kampuni yenyewe ilikadiria pigo la takriban pauni milioni 300 kwenye faida ya mwaka. Si tovuti peke yake iliyoumia, mifumo ya mzigo nayo ilivurugika, lakini wiki zote hizo hakuna tangazo la gauni ambalo lingeweza kumpeleka mtu kwenye kitufe cha kununua.

Na kwa walioegemea soko la mwenzao: Jumia ilifunga Tanzania Novemba 2019. Waliokuwa wanauza nguo kupitia humo waliamka hawana duka la mtandaoni.


Mwanafunzi_wa_Ushonaji

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo naanza, nashona mashati ya kitenge, niko VETA mwaka wa mwisho. Mtaji mdogo. Nikisoma hapa naogopa. Nianzie wapi bila kufilisika kama hao Boo?


Pindo_Pana

Marahaba mdogo wangu. Usiogope, wewe una mashati, hao walikuwa na ofisi kila mji mkubwa.

Anza na ukurasa mmoja. Jina lako la .co.tz, lilipiwe na wewe. Mashati sita tu, yale unayoweza kushona tena akija mtu. Bei juu kabisa. Picha ya mbele, ya nyuma, ya karibu kuonyesha mshono. Picha za simu zinakuja na megabaiti tatu, nne kila moja. Ukipakia ishirini bila kuzipunguza, mteja wako anamaliza bando kabla ya kufika shati la tatu. Zibane ziwe chini ya kilobaiti mia mbili, kwenye skrini ya simu hazitaonekana tofauti. Kitufe cha WhatsApp kiwe na ujumbe uliokwisha kuandikwa jina la shati, usianze kuuliza "lipi dada?"

Kisha kabla hujalipia hata shilingi, jitumie linki Instagram, ifungue ukiwa ndani ya Instagram hiyohiyo, kwa simu ya bei ndogo ya mtu mwingine, umezima wifi. Kuna tovuti zinazofunguka vizuri kwenye Chrome na kuharibika ndani ya kivinjari cha Instagram, na huko ndiko wateja wa tangazo wanakoingilia. Tangazo la shati la bluu liende kwenye ukurasa wa shati la bluu, si mwanzo wa tovuti aanze kutafuta. Shati likiisha, simamisha tangazo siku hiyohiyo.


Kanzu_Nyeupe

Na ukianza kukusanya namba za simu za watu kwenye hiyo tovuti, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Inatumika tangu Mei 2023, na haisemi duka dogo lijiamulie tu.


Mwanafunzi_wa_Ushonaji

Asanteni sana. Swali la mwisho: vipimo niandike vya mwili au vya shati?


Pindo_Pana

Vyote viwili, ila anza na vya shati. Lilaze mezani, pima kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, na urefu kutoka kola mpaka pindo. Mwambie mteja achukue shati lake linalomkaa vizuri, alilaze, alipime hivyohivyo. Vya mwili watu wanajikaza tumbo.


Bi_Marashi

Tena wakivuta pumzi. Mwanangu, ukiifungua hiyo tovuti weka anwani hapa, mimi nataka mawili ya mume wangu. Na uandike kama unatuma Muscat.